Msimbo mmoja, mikono mingi: Migongano ya Git inavyopima timu za vijana

Kila ukigeuka siku hizi unaambiwa ujifunze usimbaji. Mwalimu anasema, mjomba anasema, hata mwanasiasa anayesaka kura anasema.

Na si maneno matupu. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital kuwaelekeza vijana kwenye kazi za mtandaoni. Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Ujumbe ni ule ule: shika kompyuta, andika msimbo, pata kazi.

Lakini kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye mabango ya kozi hizi. Kuandika msimbo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuweka msimbo wako pamoja na wa wenzako bila kuvunja kazi ya mtu na bila kuvunja urafiki. Hapo ndipo timu nyingi changa hukwama.

Tuseme wewe uko Mkomani, mtaa wa kaskazini wa mji mkongwe wa Amu. Kwa miaka mingi kijana wa hapo aliyetaka kazi ya ofisini alipanda boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa au Nairobi. Kazi ya msimbo inaahidi kuigeuza safari hiyo. Wewe unabaki nyumbani, kazi inakuja kisiwani.

Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ina sharti. Ukifanya kazi na watu usiokaa nao meza moja, mahali mnapokutana kila siku ni ndani ya hazina moja ya msimbo, ile ambayo madevelopa huiita ripo tu. Mkishindwa kuelewana humo, hakuna kibaraza cha kusuluhishia.

MGONGANO NI NINI HASA?

Chukua mfano. Wewe na mwenzako aliye Mombasa mnatengeneza programu ya kukata tiketi za boti kati ya Mokowe na Amu. Ndani ya faili moja kuna mstari unaosema nauli ni 100.

EPRA inatangaza bei mpya za mafuta. Wenye boti wanapandisha nauli. Wewe unafungua faili na kuandika 150. Wakati huo huo mwenzako ameombwa kuongeza boti za kasi, naye anaubadilisha mstari ule ule na kuandika 200. Kila mmoja anahifadhi kazi yake kwenye tawi lake na kwenda kulala.

Asubuhi mnajaribu kuunganisha. Git inasimama na kukuwekea hiki kwenye faili:

<<<<<<< HEAD
nauli = 150
=======
nauli = 200
>>>>>>> boti-za-kasi

Mtu akiiona mara ya kwanza anashtuka. Anadhani ameharibu kitu. Hajaharibu. Sehemu ya juu ni msimbo ulio kwenye tawi ulilosimamia. Sehemu ya chini ni ule unaotoka kwenye tawi la mwenzako. Alama za katikati ni mpaka tu.

Git haikisii. Inatazama nakala tatu: yako, ya mwenzako, na ile ya zamani ambayo nyote wawili mlianzia. Kama wewe peke yako umebadilisha sehemu fulani, inachukua yako. Kama ni yeye peke yake, inachukua yake. Kama nyote mmeandika kitu kile kile, inaendelea na safari. Inasimama pale tu ambapo nyote mmeigusa sehemu ile ile kwa njia tofauti, au mmoja amefuta faili ambayo mwingine alikuwa anairekebisha.

Mtu wa Mkomani haelezwi jambo hili mara mbili. Vichochoro ni vyembamba, gari halipiti, mizigo inabebwa na punda na mikokoteni. Punda wawili wenye shehena wakikutana uso kwa uso, hakuna taa za barabarani za kuamua nani arudi nyuma. Wenye punda wanasemezana. Git nayo inasimama ili nyinyi msemezane.

Sasa tazama mfano wetu tena. Jibu sahihi ni 150 au 200? Hakuna hata moja. Nauli ya boti ya kawaida ni 150 na ya boti ya kasi ni 200, kwa hiyo mstari mmoja unapaswa kuwa miwili. Yule anayebonyeza "chukua yangu" haraka haraka ili amalize, na yule anayebonyeza "chukua yake" kwa sababu anaogopa kubishana, wote wawili wamekosea.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Mgongano ni swali, na mara nyingi jibu lake haliko upande wowote wa zile alama.

CHOMBO KILITOKEA WAPI?

Zamani watu waliepuka migongano kwa kufuli. Mifumo kama RCS, iliyotoka miaka ya 1980, ilimruhusu mtu mmoja aishike faili na wengine wangoje. Ni sawa na chumba chenye ufunguo mmoja. Ni salama, naam, lakini mwenye ufunguo akienda harusini Siyu na ufunguo mfukoni, kazi yote imelala mpaka arudi.

Git ilizaliwa kutokana na ugomvi mwingine. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa akitumia programu ya kampuni iitwayo BitKeeper kusimamia msimbo wa mradi wake. Mwaka 2005 kampuni hiyo iliondoa ruhusa ya kuitumia bure. Aprili mwaka huo huo Torvalds akaanza kuandika chombo chake mwenyewe, na kufikia Juni kilikuwa kinasimamia Linux nzima. Julai akamkabidhi Junio Hamano jukumu la kukitunza.

Wazo lake lilikuwa jepesi lakini zito: kila mtu awe na nakala kamili ya ripo kwenye mashine yake, historia yote ikiwemo. Hakuna kufuli wala kungoja. Kila mmoja afanye kazi yake, kisha migongano itatuliwe wakati wa kuunganisha.

Mwaka 2008 ikaja tovuti ya GitHub, ambayo ilifanya ripo hizi kuwa rahisi kushiriki. Microsoft ilitangaza kuinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Leo mwajiri akikuambia "nitumie kazi zako", mara nyingi anamaanisha umpe anwani ya ukurasa wako huko.

Kwa hiyo usione migongano kama kasoro ya Git. Ni bei tuliyokubali kulipa ili tusingojane.

WAKENYA WALISHAPITIA HAPA

Usidhani hii ni shida ya watu wa ng'ambo. Januari 2008, wakati nchi ilikuwa inawaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake kama kuna wasanidi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea. Katika siku chache David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaisimamisha Ushahidi. Hawakuwa ofisi moja, wala nchi moja.

Baadaye msimbo wa Ushahidi uliachwa wazi, watu wa kujitolea wakauchangia, na Januari 2010 mfumo huo ukatumika kwenye tetemeko la ardhi la Haiti. Timu ya namna hiyo haiwezi kupeana faili kwa flashi. Lazima iwe na utaratibu wa nani anaunganisha nini, na lini.

Mfano wa pili uko Eldoret. Mwaka 2004, watu wa mpango wa AMPATH, unaohusisha Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, walianza kazi iliyozaa OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Msimbo wake uko wazi na huchangiwa na watu wa mabara tofauti. KenyaEMR, mfumo unaotumika kwenye vituo vingi vya afya nchini hasa kwa wagonjwa wa HIV, umejengwa juu yake.

OpenMRS ina fundisho moja kubwa kwako. Imegawanywa: kuna kiini, halafu kuna moduli zinazochomekwa juu yake. Anayeshughulikia fomu za kliniki za Kenya hana haja ya kugusa kiini kila siku. Migongano inapungua kwa sababu kazi imepangwa vizuri, watu hawakanyagani. Ukiona timu yenu inagongana kila siku kwenye faili moja, msilaumiane kwanza. Jiulizeni kwa nini faili hiyo moja imebeba kila kitu.

INTANETI IKIKATIKA, UFA UNAPANUKA

Hapa sisi tuna shida yetu ya ziada. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Juni 25 mwaka huo huo, siku vijana walipoingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, mtandao uliporomoka tena. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikuwa gizani kwa kukatika kwa umeme.

Git haikuachi solemba siku kama hizo. Kwa sababu una nakala kamili kwenye mashine yako, unaweza kuandika, kuhifadhi hatua zako, na hata kufungua matawi mapya bila mtandao wowote. Kila hatua unayoihifadhi, inayoitwa komiti, inabaki kwako salama.

Lakini huo ndio mtego pia. Unapofanya kazi siku tatu bila mtandao, na mwenzako Mombasa anafanya siku tatu kwa mtandao wake, nakala zenu zinazidi kuachana. Siku mkikutana, mgongano si mstari mmoja tena. Ni faili kumi na mbili, na hakuna anayekumbuka kwa nini alibadilisha nini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeunganisha kila siku anaziba ufa. Anayeunganisha mwisho wa mwezi anajenga ukuta, tena usiku wa kuamkia siku ya kumwonyesha mteja kazi.

Kwa hiyo kama unaishi mahali mtandao unakuja na kwenda, tumia kila dakika mtandao ukiwepo. Kabla ya kufungua video yoyote, vuta kazi ya wenzako na usukume yako. Komiti za maandishi ya msimbo ni nyepesi, hazili data kama TikTok.

MGONGANO USIOPIGA KELELE

Ule mgongano wenye alama ndio mwepesi. Angalau unakuita. Kuna mwingine mbaya zaidi: Git inaunganisha bila neno, kila kitu kinaonekana shwari, halafu programu inadanganya.

Turudi kwenye tiketi zetu. Wewe umeamua nauli zote zihifadhiwe kwa senti, kwa hiyo 150 inakuwa 15000. Mwenzako, kwenye faili nyingine kabisa, ameongeza punguzo la wanafunzi: toa 20. Yeye anafikiria shilingi. Faili ni mbili tofauti, hakuna mstari uliogongana, Git inaunganisha kimya kimya.

Matokeo yake? Mwanafunzi aliyeahidiwa punguzo la shilingi ishirini anapata senti ishirini. Amelipa kwa M-Pesa, ameingia botini, amekasirika. Na hakuna aliyeona kosa, kwa sababu hakukuwa na alama yoyote nyekundu.

Git inasoma mistari. Maana haiijui. Kinachoweza kukuokoa hapa ni majaribio: msimbo mdogo unaouliza, "mwanafunzi akikata tiketi ya 150, analipa 130?" Ukiwa na majaribio yanayojiendesha yenyewe kila mnapounganisha, kosa kama hili linakamatwa kabla halijafika kwa abiria.

Ndiyo maana usikubali mtu akuambie "imeunganika bila shida, basi iko sawa". Kuunganika ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine.

NA HIZI AKILI UNDE JE?

Tangu GitHub ilipoleta Copilot mwaka 2021, na zana nyingine nyingi zikafuata, kijana mmoja anaweza kutoa kwa saa moja msimbo ambao zamani ungemchukua siku mbili. Wengi wanaona hapo ndipo mchezo ulipoisha: sasa kila mtu ni developa.

Fikiria vizuri. Kama watu watano kwenye timu wote wanatoa msimbo kwa kasi hiyo, ripo ni ile ile moja. Mabadiliko ni makubwa, yanakuja kwa wingi, na mara nyingi aliyeyaleta hakuyasoma yote. Kizuizi kinahama. Kazi ngumu sasa ni kuelewa vitu viwili vilivyoandikwa tofauti na kuamua vikae vipi pamoja.

Ni kweli zana hizi zinaweza kukupendekezea namna ya kutatua mgongano, na mara nyingine zinapatia. Lakini haikuwepo kwenye kikao mlichozungumzia boti za kasi. Haijui kwamba mwenye boti aliahidi punguzo. Ukiiachia iamue nawe hujui sababu, umeikabidhi nahodha chombo bila kumwambia mnakwenda wapi.

Kwa hivyo ukiuliza ni ujuzi gani utakaoshikilia bei sokoni, mimi naweka dau langu hapa: uwezo wa kusoma msimbo wa mwingine na kuongea naye.

TATIZO HALISI NI WATU

Sasa tuseme ukweli. Kwenye timu za vijana, mgongano wa msimbo mara nyingi unaanika mgongano mwingine.

Kuna yule mkubwa wa timu ambaye akikuta mgongano anachukua upande wake bila hata kusoma wa mdogo. Msichana aliyejiunga mwezi uliopita anaamka na kukuta kazi yake ya wiki nzima haipo. Hakuna aliyemwambia. Anajiambia labda haikuwa nzuri. Mwezi ujao anaacha.

Kuna yule anayeogopa. Amekutana na mgongano, hataki kuonekana hajui, anafuta folda nzima na kuipakua upya. Kazi aliyokuwa hajaisukuma imekwenda na maji.

Halafu kuna amri moja ya hatari: kusukuma kwa nguvu, yaani git push --force. Amri hiyo inaiambia ripo ya pamoja isahau iliyokuwa nayo na ichukue yako. Ukiitumia kwenye tawi lako la peke yako, hakuna neno. Ukiitumia kwenye tawi la wote, unaweza kufuta kazi ya mtu asiyekuwepo kujitetea. Ndugu yake mpole, git push --force-with-lease, hukataa kama mtu mwingine amesukuma kitu ambacho wewe hujakiona. Jifunze huyo, achana na yule.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini chombo kisicho na nahodha hakiendi popote. Timu lazima ijue ni nani mwenye neno la mwisho pale watu wawili wanapokosa kuelewana. Linux ina Torvalds, na chini yake wasimamizi wa kila sehemu. Timu yenu ya watu wanne haihitaji cheo kikubwa. Inahitaji makubaliano tu: malipo ni ya fulani, ramani ni ya fulani.

Swali hili la nani mwenye neno si dogo hata kwa taifa. Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu ilisema serikali haimiliki mfumo wa kidijitali wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), wenye thamani ya Sh104.8 bilioni. Mjadala ukawa wa bajeti na siasa, na ni haki. Lakini chini yake kuna swali ambalo developa yeyote angeuliza siku ya kwanza: ripo ni ya nani, na nani anaruhusiwa kuunganisha?

Liulize swali hilo hata kwenye kazi yako ndogo ya mteja wa mtaani. Mkikosana kesho, msimbo unabaki kwa nani? Andikeni mapema, wakati bado mnacheka pamoja.

UFANYE NINI SASA?

Haya ni mambo ambayo timu yenu inaweza kuanza nayo wiki hii, bila kulipia kozi yoyote.

Moja: vuta kabla ya kuanza kazi, na uunganishe mara kwa mara. Mabadiliko madogo ya kila siku yanagongana kidogo, na yakigongana bado unakumbuka ulichofanya. Haba na haba hujaza kibaba.

Mbili: usiogope kurudi nyuma. Ukiwa katikati ya mgongano na kichwa kimechanganyikiwa, git merge --abort inakurudisha ulipokuwa kabla ya kuunganisha. Pumua, mpigie mwenzako, kisha uanze tena.

Tatu: omba uonyeshwe nakala ya zamani. Mpangilio wa git config merge.conflictStyle diff3 unaongeza sehemu ya tatu kwenye zile alama, ile ya mwanzo kabla hamjaibadilisha. Ukijua mlianzia 100, ni rahisi zaidi kuelewa kwa nini mmoja alikwenda 150 na mwingine 200.

Nne: kuwa macho na maneno "ours" na "theirs". Ukiunganisha kwa merge, la kwanza ni tawi lako. Ukitumia rebase, yanageuka: la kwanza ni lile tawi unaloegemeza kazi yako juu yake. Watu wengi wamefuta kazi yao wenyewe hapo wakidhani wanailinda.

Tano: kubalianeni mpangilio wa maandishi. Kama mmoja anatumia Windows na mwingine Linux, alama zisizoonekana za mwisho wa mstari zinaweza kufanya faili nzima ionekane imebadilika. Faili ndogo ya .gitattributes inatatua hilo. Vilevile, programu moja ya kunyoosha msimbo itumike na wote, si kila mtu na yake.

Sita: zile faili zinazotengenezwa na mashine, kama package-lock.json, usizitatue kwa mkono mstari kwa mstari. Tatueni ile faili mliyoandika wenyewe, kisha iacheni mashine itengeneze upya hiyo nyingine.

Saba: ukidhani umepoteza kazi, usikate tamaa mapema. Amri ya git reflog inaonyesha kila mahali ulipopita kwenye mashine yako, na komiti iliyoonekana kupotea mara nyingi bado ipo kwa wiki kadhaa. Lakini inaokoa ulichohifadhi tu. Kazi ambayo hukuifanyia komiti haina shahidi.

Nane, na hii ndiyo ngumu kuliko zote: ongeeni. Mgongano ukizidi mistari mitano, acha kuandika ujumbe mrefu. Piga simu. "Kaka, wewe hapa ulikuwa unataka nini?" Dakika tano za swali hilo zinaokoa jioni nzima ya kununiana.

NENO KWA WANAOFUNDISHA

Kama unaendesha kambi ya usimbaji, klabu ya chuo au darasa la msikitini siku za likizo, fanya jambo moja. Usiwape wanafunzi wako kazi za mmoja mmoja tu. Wape ripo moja na faili moja, uwaambie wote waibadilishe kwa makusudi. Waache wagongane mbele yako, ambapo hakuna mteja wala pesa iliyo hatarini, na uwafundishe kutatua bila kuoneana haya.

Kwa sababu kijana anayetoka Mkomani, Kisumu au Mathare na cheti cha usimbaji atapambana na maelfu ya wengine wenye cheti kama hicho. Mwajiri anayemlipa kutoka mbali hamwoni usoni. Anachokiona ni historia ya ripo: nani anaandika komiti zinazoeleweka, nani anasoma kazi ya wenzake, nani anafuta ya watu. Historia hiyo haina kiki wala mapambo. Kila ulichofanya kimeandikwa na jina lako pembeni.

Basi wikendi hii tafuta rafiki mmoja. Fungueni ripo mpya, wekeni mstari mmoja ndani yake, ubadilisheni nyote wawili, mjaribu kuunganisha. Itagoma. Kaeni nayo mpaka ikubali, kisha mbadilishane zamu na mfanye tena.

Mkishaweza kufanya hivyo bila kugombana, mko tayari kuchukua kazi ya mtu.